FIZIKIA YA BEMBEA: Kwa nini mnyororo uliokubeba umekaa unaweza kukatika ukibembea



Sikukuu zikikaribia hapa Mwanza mambo ni yale yale. Watoto wanavalishwa nguo mpya, wanapewa hela ya soda, halafu safari ya kwenda kwenye bembea inaanza. Sisi vijana tunajifanya tumewasindikiza wadogo zetu, lakini tukifika kule na sisi tunapanda! Hatuna bustani kubwa za michezo kama za Dubai, ila tuna bembea za kuchomelea mtaani, viti vya kuzunguka, nyumba za mpira za kujazwa upepo, na kamba ya manila kwenye mwembe.

Swali ambalo kila mzazi anajiuliza kimoyomoyo ni moja: hiki chuma kitabeba kweli? Jibu lake lipo kwenye fizikia ya sekondari, ile tuliyoisoma kwa Kiingereza, tukaikariri, tukajibu mtihani, kisha tukaiacha pale pale mlangoni. Leo naiweka kwa Kiswahili, mchezo mmoja mmoja, na hesabu zake. Kama uko kafe na dakika zinakimbia, ikopi kwenye flashi ukasome nyumbani taratibu.

Ukisahau yote, shika hili: KITU KINACHOKUBEBA UKIWA UMETULIA HAKIJATHIBITISHA KUWA KITAKUBEBA UKIWA UNATEMBEA.

1. UZITO UNAOUSIKIA

Dunia inakuvuta chini muda wote kwa nguvu ile ile, uwe umelala au umepanda bembea. Lakini wewe huisikii dunia, unakisikia kiti kinachokusukuma juu. Hapo ndipo michezo yote hii inapopata utamu wake.

Si umeshapanda daladala ya dereva mwenye haraka? Inaporuka tuta, makalio yanaachana na kiti na tumbo linapanda. Kwa nukta hiyo kiti kimeacha kukusukuma, unajiona huna uzito. Gari likitua upande wa pili, kiti kinakupokea kwa nguvu kuliko kawaida, unajiona mzito ghafla. Kilo zako hazijabadilika hata gramu moja. Kilichobadilika ni kazi ya kiti.

Mashine zote za kufurahisha zinauza hayo mambo mawili: wepesi wa ghafla na uzito wa ghafla. Na ule uzito wa ghafla lazima kuna chuma, bolti, mnyororo au kamba inayoubeba.

2. BEMBEA YA KAWAIDA

Bembea ina tabia moja ya ajabu. Muda wa kwenda na kurudi hautegemei uzito wa aliyekaa. Mnyororo wa mita 2 unachukua kama sekunde 2.8 kwenda na kurudi, awe mtoto wa kilo 20 au jamaa wa kilo 90. Ukitaka muda uwe mara mbili, mnyororo lazima uwe mrefu mara nne. Jaribu na saa ya simu yako. (Ukibembea juu sana muda unarefuka kidogo, ila si sana.)

Sasa tuje kwenye uzito. Ukiwa chini kabisa, pale bembea inapokuwa na kasi kubwa kuliko kote, mnyororo unafanya kazi mbili kwa mpigo. Kazi ya kwanza ni kukubeba usianguke. Ya pili ni kukukunja, maana mwili wako unataka kwenda moja kwa moja mbele, mnyororo unaulazimisha ufuate upinde. Jumla yake inategemea ulianzia juu kiasi gani:

- Ukianzia nyuzi 30 kutoka wima: mnyororo unabeba mara 1.3 ya uzito wako
- Nyuzi 45: mara 1.6
- Nyuzi 60: mara 2
- Nyuzi 90, yaani mnyororo umelala sawa na ardhi: mara 3

Soma tena hiyo ya mwisho. MARA TATU. Mtoto wa kilo 30 akirushwa mpaka mnyororo ulale, akipita chini ni kama umetundika kilo 90 pale. Na urefu wa mnyororo hauingii kwenye hesabu hii kabisa. Mrefu una kasi zaidi lakini upinde wake ni mpana, mfupi una kasi ndogo lakini upinde wake ni mkali. Vinafutana. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba bembea fupi haina shida.

Hapa niwape kisa. Sikukuu moja ya Eid, kwenye uwanja mmoja hapa mjini, nilimkuta mama mmoja anamuuliza mwenye bembea kama iko salama. Ilikuwa ile ya kiti cha watu wawili.

"Mama, usiwe na wasiwasi," jamaa akamjibu. "Asubuhi tumeipima. Tumekaa watu wazima wawili, mimi na huyu hapa, haikutikisika."

Mama akaridhika, akatoa hela. Mtoto alibembea vizuri na akashuka salama, sina la kusingizia. Lakini angalia hesabu. Watu wazima wawili wamekaa kimya, tuseme kilo 140. Vijana wawili wa kilo 60 kila mmoja, wakisimama juu ya kile kiti na kubembea mpaka mnyororo ulale, ni kilo 120 mara tatu, sawa na kilo 360. Kile kipimo cha asubuhi hakifiki hata nusu yake! Jamaa hakusema uongo, alipima kitu kingine tu.

3. KUTU, KUCHOMELEA NA UCHOVU WA CHUMA

Mtu atasema, "Mbona hii bembea ina miaka mitano na haijakatika?" Hoja nzuri, ila chuma nacho kinachoka.

Bembea ya mita 2 inapita chini karibu mara 40 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 2,400. Siku ya sikukuu ikifanya kazi saa 8 ni zaidi ya mara 19,000. Kila ikipita chini mzigo unapanda, ikifika juu mzigo unapungua, panda shuka, panda shuka. Chuma ambacho kingebeba mzigo huo mara moja bila tabu kinaweza kuanza ufa mdogo sana, wa kama unywele, ukikirudia mara nyingi namna hiyo. Chukua waya, ukunje na kuukunjua sehemu moja: mara ya kwanza haukatiki, baada ya muda unakatika mkononi mwako. Hicho ndicho kinachoitwa uchovu wa chuma.

Ufa huo unapenda kuanzia sehemu tatu: pale fundi alipochomelea, kwenye tundu la bolti, na palipoliwa na kutu. Kwa hiyo miaka mitano bila ajali haimaanishi chuma kimezoea. Inaweza kumaanisha kimebakiza kidogo. Ndiyo maana wahandisi hawatengenezi kitu kibebe mzigo ule ule tu, wanakizidishia nguvu mara kadhaa, na bado wanakikagua kila mara.

Usisahau fremu. Bembea haivuti chini peke yake, inavuta na pembeni. Ukiachia kutoka nyuzi 90, ikifika nyuzi 45 inaisukuma fremu mbele kwa nguvu sawa na mara moja na nusu ya uzito wako. Kijana wa kilo 60 anaisukuma kama kilo 90, halafu akirudi anaivuta nyuma hivyo hivyo. Ukiona miguu ya fremu inanyanyuka kutoka ardhini, hiyo ni dalili mbaya, ishuke fasta. Fremu inatakiwa iwe imechimbiwa au imefungwa, siyo kuwekewa tu jiwe juu ya mguu. Mawe tunayo mengi Mwanza lakini hiyo siyo kazi yake!

4. VITI VYA KUZUNGUKA

Hivi ni vile vinavyoning'inia kwa minyororo, mashine ikizunguka vinatanuka nje kama mwavuli. Wengi wanasema kuna nguvu inakusukuma nje. Ukweli ni kwamba mwili unataka kwenda moja kwa moja, mnyororo ndio unakuvuta ndani. Wachunga ng'ombe wanaotumia kombeo wanalijua hili bila darasa: ukiachia jiwe haliruki kuelekea nje ya duara, linakwenda mbele upande lilikokuwa linaelekea wakati ule ule ulipoachia. Kwa hiyo watazamaji wasimame mbali pande zote.

Tuseme kiti kinazunguka umbali wa mita 5 kutoka katikati, mzunguko mmoja kwa sekunde 5. Kiti kitalalia nje kama nyuzi 39, na mnyororo utabeba mara 1.3 ya uzito wako. Siyo mbaya. Tatizo ni mwendeshaji anayeongeza kasi kwa sababu vijana wanapiga kelele "ongeza, ongeza!" Akiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kukuvuta ndani haiwi mara mbili, inakuwa mara NNE. Kwa mfano wetu mnyororo sasa unabeba zaidi ya mara tatu ya uzito wako. Kasi kidogo, mzigo mwingi.

Kitu kingine cha kufurahisha: kiti kitupu na kiti chenye mtu mnene vinalalia nje nyuzi zile zile. Kilo hazibadilishi mlalo, kasi na umbali ndivyo vinavyobadilisha. Lakini kilo zinabadilisha mzigo kwenye bolti. Macho yataona viti viwili vimekaa sawa, bolti zinajua tofauti.

5. GURUDUMU KUBWA

La kwanza lililo maarufu lilijengwa na George Ferris kwa ajili ya maonesho ya Chicago mwaka 1893. Lilikuwa na urefu wa mita 80 na vibanda 36, kila kimoja kikichukua watu 60. Piga hesabu: watu 2,160 hewani kwa mpigo! Dubai, ambako ndugu zetu wengi wako kikazi, walifungua la kwao mwaka 2021, Ain Dubai, la mita 250.

Kwa upande wa uzito wa ghafla, gurudumu ni mchezo mpole kuliko yote. Gurudumu la nusu kipenyo mita 10 linalozunguka mara moja kwa sekunde 30 linabadilisha uzito unaousikia kwa kama asilimia 4 au 5 tu. Unachoogopa kule juu ni kimo.

Hatari yake iko kwenye mizani. Gurudumu zima limeshikwa kwenye mhimili mmoja wa katikati. Abiria wakijazwa upande mmoja, mota inahangaika kupandisha upande mzito, na breki inahangaika kuuzuia ukishuka. Ndiyo maana mwendeshaji anayejua kazi anapakia huku na huku, kibanda cha chini kisha cha upande wa pili. Ukiona anapakia vibanda sita mfululizo huku vingine vitupu, huyo hajui mashine yake.

6. TRENI YA MILIMA, YAANI ROLA KOSTA

Hii kwetu Mwanza hatuna, ila mnaiona kwenye video kila siku. Siri yake ni kwamba treni nyingi za aina hii hazina injini njiani. Inavutwa mpaka kilima cha kwanza, ikiachiwa inatumia mvutano wa dunia peke yake, kama wewe ukishuka Bugando kwa baiskeli bila kupiga pedeli. Ndiyo maana vilima vinavyofuata ni vifupi kuliko cha kwanza: msuguano na upepo vimeshakula sehemu ya nishati.

Tukiacha msuguano pembeni, ukishuka mita 20 unapata kama kilomita 71 kwa saa. Ukishuka mita 40 unapata kama 101, siyo 142. Kimo mara mbili hakikupi kasi mara mbili.

Abu Dhabi kuna Formula Rossa, iliyofunguliwa mwaka 2010, inayofika kilomita 240 kwa saa. Kwa kuteremka tu ingehitaji kilima cha zaidi ya mita 220, wakati njia yake inapanda mita 52 tu. Kwa hiyo wanairusha kwa mashine, inafika kasi hiyo kwa takribani sekunde 5, na abiria wanavaa miwani kulinda macho.

Na lile duara la kupindua watu vichwa chini? Mwaka 1895 kule Coney Island, New York, walitengeneza duara kamili na watu wakalalamika shingo. Hesabu inasema hata ukipita kwa kasi ndogo kabisa ya kukutosha juu, chini ya duara kamili utasikia mara SITA ya uzito wako. Dawa ilikuja mwaka 1976 California, kwenye rola kosta ya Revolution, ambapo mhandisi Mjerumani Werner Stengel alitumia umbo la tone la maji: pana chini, jembamba juu. Chini kasi ni kubwa lakini upinde ni mpana, kwa hiyo shingo inapona. Umbo peke yake liliondoa maumivu.

7. NYUMBA YA MPIRA YA KUJAZWA UPEPO

Wengi wanaiona hii kuwa salama kwa sababu ni laini. Sawa, ukianguka ndani huumii sana. Lakini jiulize: ni kitu kikubwa, chepesi, kimesimama wazi. Hilo ni tanga la mashua! Na nguvu ya upepo inakua kama ile ya viti: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Desemba 2021 huko Devonport, Australia, upepo uliinua nyumba ya namna hii shuleni na watoto sita wakafariki.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua mchana upepo unavyoingia kutoka majini. Kama kamba hazijafungwa kwenye vigingi vilivyozama ardhini, na upepo umeanza kupeperusha mchanga, mtoe mtoto. Hela itarudi siku nyingine.

8. MELI YA BEMBEA NA MELI YA ZIWANI

Kuna mchezo wa meli kubwa inayobembea huku na huku, watu wamejaa ndani wanapiga kelele. Haipinduki kwa sababu imening'inizwa: mhimili uko juu, uzito wote uko chini yake. Ukiipeleka kushoto, uzito wenyewe unairudisha. Abiria wote wakikimbilia upande mmoja itainama kidogo na kutulia.

Sasa meli ya kweli haining'inii popote. Imekaa JUU ya kinachoibeba, yaani maji. Ikiinama kushoto, sehemu kubwa zaidi ya ubavu wa kushoto inazama, maji yanasukuma zaidi upande huo, na msukumo huo unairudisha wima. Lakini rehema hiyo ina mpaka. Uzito ukipandishwa juu, au ukihamia upande mmoja, msukumo wa maji haufiki tena nje ya mstari wa uzito. Hapo kinachoirudisha kinageuka kuwa kinachoipindua, na inapinduka kwa muda mfupi sana.

Sisi watu wa ziwa hili tumelilipia somo hili. MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo kuja Mwanza, ilizama tarehe 21 Mei 1996. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, waliokufa walikuwa zaidi ya 800, na makaburi ya Igoma yapo mpaka leo. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, waliokufa zaidi ya 220.

Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, limepunguza kuvuka kwa pantoni upande ule. Lakini wanaokwenda Ukerewe, Ukara na visiwa vingine bado wanapanda vyombo vya maji. Kwa hiyo chombo kikikaribia gati, usisimame na umati upande wa kushukia. Kaa pale pale mpaka kifungwe. Mtu mmoja aliyekaa chini katikati anasaidia chombo, watu mia waliosimama ubavuni ni kama mzigo uliohamishwa kwa makusudi.

Ni kosa lile lile la jamaa wa bembea: kuhesabu kilo, halafu kusahau ziko wapi na zinakwenda wapi.

9. KABLA HUJALIPA

- Tazama mizunguko miwili mitatu watu wengine wakiwa wamepanda. Miguu ya fremu ikinyanyuka, acha.
- Angalia viungo vya kuchomelea na bolti. Kutu nyekundu, ufa, au waya wa kufungia mahali pa nati, acha.
- Sikiliza. Beringi nzima inavuma, iliyokufa inasaga.
- Muulize mwenye mashine mwisho wa uzito ni kilo ngapi. Asipojua, amekujibu.
- Kwenye bembea ya watoto wasipande wakubwa. Kumbuka mara tatu.
- Usiwe wewe unayepiga kelele "ongeza!"

Mafundi wa kuchomelea na walimu wa fizikia mliopo humu, ongezeeni hapo chini, hasa mliowahi kutengeneza hizi bembea. Na wewe mwenye mdogo wako, msomee namba 2 kabla ya sikukuu ijayo.

Naomba kuwasilisha.